Maisha ya Gertrude Jekyll, mwanamke wa bustani

Wandugu wanafunzi, Gertrude Jekyll alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1843. Alipenda sana kuchora kwa rangi, na mwaka 1861 akaingia shule ya sanaa. Lakini macho yake hayakuwa mazuri, yakazidi kuharibika. Mwaka 1891 munganga wa macho huko Ujerumani akamwambia aache kuchora na kushona nakshi.

Wengi wangekaa tu na kusikitika. Yeye hapana. Alikuwa na shamba la hekta 6 hivi, Munstead Wood, katika jimbo la Surrey. Udongo wake ni mchanga mtupu, na misonobari ilikuwa imekatwa. Miti midogo ikaota yenyewe. Akaipunguza pole pole, akiacha ile ya kufaa, mpaka jua likapita katikati ya majani. Katika kivuli hicho chepesi akapanda vichaka vya azalea na rododendroni, vinavyochanua baridi ikiisha, mwezi wa tano. Hakuchanganya ovyo: azalea za manjano na chungwa aliziweka mbali na rododendroni za zambarau, ili rangi zisigombane. Masomo yake ya kuchora njo yalimsaidia pale.

Mwaka 1899 alitoa kitabu chake cha kwanza, Wood and Garden. Alipanga bustani karibu 400. Alikufa tarehe 8 Desemba 1932, mwenye miaka 89.

Wandugu, mtu akifungiwa kazi aliyoitamani, asizike talanta yake. Aangalie kwanza pengine pa kuitumia.