Joy Adamson: Mlezi wa simba Elsa aliyeishi na mbega Naivasha

WENGI wakisikia jina la Joy Adamson humkumbuka Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu kisha akarejeshwa porini. Wachache wanajua kwamba sifa za mwanamke huyo zilianzia kwenye maua.

Alizaliwa Januari 20, 1910 mjini Troppau, katika milki ya Austria na Hungary. Leo ni Opava, Jamhuri ya Cheki. Alifika Kenya mwaka wa 1937. Mumewe wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, naye ndiye aliyemhimiza kuichora. Michoro hiyo ilipamba vitabu vya mimea na bustani, na baadaye akachora mamia ya picha za watu wa jamii mbalimbali za Kenya.

Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, askari wa wanyamapori. George alipomuua simba jike mwaka wa 1956, walichukua watoto wake watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, Elsa akabaki. Kitabu cha 1960 na filamu ya 1966 viliieneza habari yake duniani kote.

Elsa alikufa mwaka wa 1961. Miaka ya sitini ikielekea ukingoni, Joy alipata makao kando ya Ziwa Naivasha, akayaita Elsamere. Nyumba ilizungukwa na migunga yenye magome ya manjano, na juu yake wakaishi mbega. Joy aliwafuatilia siku baada ya siku: nani amezaa, nani amegombana na nani. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pepe, rangi nyeusi ikaja miezi michache baadaye. Mnyama huyu hutegemea majani. Miti ikikatwa, hana pa kwenda.

Usiku viboko walitoka ziwani kula nyasi karibu na nyumba. Bundi wakubwa nao walizoea kuja kupata nyama. Kwetu wengi bundi akilia juu ya paa hufukuzwa kwa mawe, kwani huaminika kuleta mkosi. Joy alimfanya mgeni wa kila jioni. Habari za majirani hao aliziandika katika Friends from the Forest, kitabu kilichotoka mwaka wa 1981, yeye akiwa amekwisha kufa.

Lakini subira aliyowapa wanyama, binadamu hawakuiona sana. Alikuwa mkali, aligombana na wafanyakazi wake, na hata George alihamia Kora na simba wake, wakawa wanaishi mbalimbali. Si haki kuisimulia bustani ya Elsamere bila kuutaja upweke huo.

Chui mdogo aliyempa jina Penny ndiye aliyemtoa Naivasha. Alimpeleka Shaba, Isiolo, ili amfundishe kujitegemea porini. Huko ndiko Joy alikouawa Januari 3, 1980. Mwanzoni ilidhaniwa ameshambuliwa na simba, lakini uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alidungwa kwa silaha yenye ncha kali. Mwaka uliofuata, mahakama ilimtia hatiani kijana aliyewahi kumfanyia kazi.

Elsamere ikageuzwa kituo cha elimu ya uhifadhi. Majivu ya Joy yalipelekwa Meru, kwenye kaburi la Elsa.