Maisha ya Bibi Titi Mohamed

Watu wa Kasese na Bwera wanajua maana ya kupimwa kwa asili. Katika mwaka wa 1962 wajumbe wa Bakonzo na Baamba walitoka katika baraza la Toro, wakidai kutambuliwa na kupewa haki sawa na wenzao. Lakini mizani ya asili si mizani ya pekee. Mtu aweza kupimwa kwa rangi yake, akapimwa tena kwa kuwa mwanamke, kisha akapimwa mara ya tatu kwa uhaba wa mali na elimu. Marehemu Bibi Titi Mohamed wa Tanganyika alipimwa kwa mizani zote tatu. Kwa hiyo maisha yake yastahili kujulikana katika nchi ya Bwera, ambako soko la mpakani Mpondwe husimama kwa jasho la wanawake wengi.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam katika mwaka wa 1926. Siku zile wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kuwapeleka binti zao shuleni, na elimu aliyoipata haikuvuka shule ya msingi. Aliolewa angali kijana sana. Alijaliwa sauti nzuri na ulimi mwepesi, akawa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Wasomi waliviona vikundi hivyo kuwa mchezo tu. Kumbe vilikuwa na viongozi wao, michango yao na desturi ya kusaidiana katika harusi na msiba, na habari ilipita humo upesi kuliko katika gazeti.

Chama cha TANU kilipoundwa mwaka wa 1954, Bibi Titi alikuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza. Mwaka uliofuata alifika mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour, akauliza liko wapi tawi la wanawake. Halikuwapo. Ndipo Bibi Titi alipotwaliwa kuliongoza. Hakuwa amezoea kuhutubia mikutano ya siasa, na mwanzoni aliingiwa na hofu. Hata hivyo alikwenda kwa viongozi wa ngoma, kikundi kwa kikundi, nyumba kwa nyumba, na katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wamekata kadi.

Yafaa kutazama kwa nini kazi ile ilimwangukia yeye. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na TANU, na Waafrika wengi wenye elimu walikuwa watumishi wa serikali. Walimu na makarani walikuwa na mshahara wa kupoteza, na wake zao pia waliogopa. Muuza vitumbua hakuwa na mshahara wa kunyang'anywa. Hivyo unyonge wa wanawake wa mjini uligeuka kuwa nguvu. Uganda mlango ulifunguka kwa njia nyingine. Mwanamke wa kwanza Mwafrika kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mwaka wa 1956, alikuwa Bibi Pumla Kisosonkole, mwanamke msomi, naye aliingia kwa kuteuliwa. Bibi Titi aliingia katika siasa kwa mlango wa uwanjani.

Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mizani zile zilionekana wazi katika sheria yenyewe. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ingawa Waafrika walizidi wengine kwa mbali sana. Tena hakupiga kura ila mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au mwenye kiwango cha elimu au cheo kilichotajwa. Sheria haikumtaja mwanamke, lakini wanawake wangapi wa Kiafrika walikuwa na pauni 150? Wengi waliojaza viwanja vya mikutano hawakuruhusiwa kulikaribia sanduku la kura. Hata hivyo TANU ilishinda, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Bibi Titi akawa Mbunge wa Rufiji na waziri mdogo, na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoanzishwa mwaka wa 1962 akawa mwenyekiti wake. Mizani ya rangi ilikuwa imeondolewa. Zile mbili zilibaki. Utawala mpya ulihitaji watu wa kalamu na faili, na elimu ndogo ambayo haikuwa kizuizi uwanjani ikawa kizuizi ofisini. Mwaka wa 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge. Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Kusudi lake lilikuwa kuzuia unyonyaji, nalo lilikuwa kusudi jema. Lakini mwanamke asiye na shahada aliona katika nyumba zake akiba ya uzeeni. Bibi Titi akajiuzulu uongozi.

Mwaka wa 1969 alikamatwa pamoja na wengine, wakashtakiwa kwa uhaini. Alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha Rais Nyerere akamsamehe mwaka wa 1972. Akaishi miaka mingi katika ukimya, jina lake likitajwa kwa nadra na watu aliowaita yeye mwenyewe chamani. Baadaye taifa lilimkumbuka tena, na barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika Kusini.

Maisha yake yafundisha kwamba uhuru wa nchi haumalizi dhuluma zote kwa siku moja. Mgeni akiondoka na mizani yake, wenyeji hawana budi kuichunguza ile iliyobaki nyumbani mwao. Katika kila baraza na kila chama, hata cha waumini, wapo wanawake wanaochanga, wanaopika na wanaowaita watu mkutanoni, wasiulizwe neno wakati wa kukata shauri. Jumuiya inayomkumbuka Bibi Titi kwa heshima ina wajibu wa kuwapa wanawake hao nafasi ya kusema wangali hai.