George Gabriel Stokes

Sir George Gabriel Stokes (13 Agosti 1819 – 1 Februari 1903) alikuwa mwanahisabati na mwanafizikia mzaliwa wa Eire aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu mwendo wa viowevu na kuhusu nuru. Ndiye aliyeipa fluoresensi jina lake na kueleza tabia yake kuu. Jambo hilo leo ni msingi wa mbinu za kuchunguza jinsi gesi zinavyopita kati ya hewa na maji.

Maisha

Stokes alizaliwa Skreen, katika wilaya ya Sligo, akiwa kitinda mimba wa mchungaji wa Kianglikana. Baada ya kusoma Dublin na Bristol alijiunga na Chuo cha Pembroke, Cambridge, mwaka 1837. Mwaka 1841 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa hisabati wa chuo kikuu.

Mwaka 1849 aliteuliwa kuwa profesa wa hisabati katika kiti cha Lucas, ambacho zamani kilishikwa na Isaac Newton. Alikaa katika kiti hicho hadi kifo chake, zaidi ya miaka 53. Mwaka 1857 alimwoa Mary Robinson, binti wa mwanaastronomia wa Armagh. Kwa kuwa sheria za wakati huo hazikuwaruhusu wanachama wa chuo kuoa, alipoteza nafasi yake Pembroke. Alirudishiwa mwaka 1869, sheria ilipokuwa imebadilishwa.

Alikuwa katibu wa Jumuiya ya Kifalme ya London kuanzia 1854 hadi 1885, kisha rais wake hadi 1890. Kazi ya ukatibu ilimchukulia muda mwingi, kwani alisoma na kusahihisha makala za wanasayansi wengine, huku utafiti wake mwenyewe ukipungua. Alikuwa pia mbunge wa Chuo Kikuu cha Cambridge (1887–1892) na alipewa cheo cha baroneti mwaka 1889.

Fluoresensi

Ilikuwa imejulikana kwamba maji yenye kwinini, dawa ya malaria, hutoa mng'ao wa buluu yakiwekwa juani. Stokes aliingiza mwanga wa jua katika chumba chenye giza, akautawanya kwa prisma, kisha akausogeza mrija wenye kwinini kutoka rangi moja hadi nyingine. Katika rangi nyingi hakuna kilichotokea. Mrija ulipopita urujuani na kufika mahali ambapo jicho halikuona nuru yoyote, uling'aa buluu.

Katika makala yake ya 1852 alieleza kwamba kwinini hufyonza mnururisho wa urujuanimno usioonekana na kutoa nuru yenye urefu wa wimbi mkubwa zaidi. Jina fluoresensi alilitoa kwenye madini ya fluoriti. Tofauti kati ya nuru inayoingia na inayotoka ndiyo inayowezesha kichujio kuzitenganisha, hata mng'ao hafifu ukaweza kupimwa.

Oksijeni katika damu

Mwaka 1862 Mjerumani Felix Hoppe-Seyler alitangaza kwamba nuru ikipita katika damu iliyochanganywa na maji, mistari miwili ya giza huonekana katika spektra yake. Stokes alitaka kujua kama mistari hiyo inategemea oksijeni. Aliiondoa oksijeni kwa kutumia chumvi ya chuma: rangi nyekundu ikageuka zambarau, na mistari miwili ikawa mmoja. Alipoutikisa mchanganyiko huo pamoja na hewa, mistari miwili ilirudi.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1864, yalionyesha kwamba rangi ya damu, yaani hemoglobini, hupokea oksijeni na kuiachia tena. Yalionyesha pia kwamba gesi iliyoingia katika kimiminika inaweza kutambuliwa kwa nuru peke yake.

Urithi

Oksijeni na kaboni dioksidi huyeyuka kidogo tu katika maji. Kasi ya kuingia kwake baharini au ziwani huamuliwa na utando wa maji ulio chini kidogo ya uso, ambao unene wake haufiki milimita moja. Kifaa kikitumbukizwa humo huuvuruga utando wenyewe kinachotaka kuupima. Nuru haina tatizo hilo.

Katika miaka ya 1930 mwanakemia Mjerumani Hans Kautsky alionyesha kwamba oksijeni hufifisha mng'ao wa baadhi ya rangi. Kwa hiyo watafiti huweka rangi ya namna hiyo katika matangi yenye upepo na mawimbi, huimulika kwa leza na kupiga picha: panapong'aa kidogo pana oksijeni nyingi. Kwa kaboni dioksidi hutumiwa rangi ambazo mng'ao wake hubadilika kufuatana na asidi ya maji. Vipimo hivyo husaidia kukadiria kiasi cha kaboni dioksidi kinachofyonzwa na bahari.

Jina la Stokes limebaki pia katika kanuni ya Stokes kuhusu tufe dogo linalozama katika kimiminika chenye mnato, na katika milinganyo ya Navier-Stokes kuhusu mwendo wa viowevu. Alifariki Cambridge akiwa mkuu wa Chuo cha Pembroke.