John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye tairi

Wengi wetu hapa Dodoma tukinunua baiskeli hutazama fremu, keria na bei. Tairi tunalikumbuka siku mwiba wa mgunga umetuacha njiani, na nyumbani bado ni mbali. Ndiyo sababu leo tunamkumbuka John Boyd Dunlop.

Dunlop alizaliwa mwaka 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland. Alisomea utabibu wa mifugo, akahamia Ireland, na mjini Belfast akawa daktari mwenye wateja wengi. Siku hizo magurudumu ya baiskeli yalivishwa mpira mgumu usio na upepo, na kila jiwe mpandaji alilisikia mgongoni.

Mwaka 1887 baiskeli ya mwanawe, yenye magurudumu matatu, ilikuwa ikimtikisa sana mtoto. Dunlop akatengeneza mrija wa mpira, akaufunga kwenye gurudumu la mbao na kuujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Akaliviringisha uani, kisha akaliviringisha na lile la mpira mgumu. La upepo lilikwenda mbali zaidi. Kumbe upepo hauondoi mtikisiko tu, unapunguza na nguvu ya kukanyaga.

Mwaka 1888 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Mwaka 1889 Willie Hume alishinda mbio Belfast kwa matairi hayo, na kampuni ikaundwa Dublin kuyatengeneza. Lakini hataza ilibatilishwa. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilo tangu 1845, na Dunlop hakujua. Baadaye alijiondoa kwenye kampuni, na utajiri mkubwa ukaenda kwa wengine. Alifariki Dublin mwaka 1921. Jina lake limebaki kwenye matairi.

Nasi tuna la kujifunza. Kwa safari ndefu ya lami, tairi jembamba lililojazwa vizuri huenda kwa wepesi. Kwa njia za mchanga na kokoto za Bahi au Chamwino, chagua tairi pana lenye mpira mnene, la saizi inayopatikana kwa fundi wa karibu. Beba pampu, gundi na viraka. Ukipata pancha, kabla ya kurudisha tyubu pitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Mwiba uliobaki humo utaitoboa tena kabla hujafika.