Felix Hausdorff, bingwa wa seti aliyefungiwa milango

Mwanafunzi wa isimu hutofautisha upesi silabi wazi na silabi funge. Wanahisabati nao wana seti wazi na seti funge, ila mantiki yao si yetu. Silabi haiwezi kuwa wazi na funge kwa wakati mmoja. Seti yaweza kuwa yote mawili, au isiwe lolote kati ya hayo. Aliyeiwekea taaluma hiyo misingi imara ni Myahudi wa Ujerumani, Felix Hausdorff.

Alizaliwa Breslau mwaka 1868, mji ambao sasa ni Wrocław nchini Poland, akalelewa Leipzig na kupata shahada ya uzamifu huko mwaka 1891. Kwa lakabu ya Paul Mongré aliandika falsafa, mashairi na hata tamthilia. Wanaodhani mwanahisabati hana haja na fasihi na wamtazame huyu!

Georg Cantor ndiye aliyeasisi dhana ya seti funge: seti isiyoiacha nje nukta yoyote ambayo nukta zake huikaribia bila kikomo. Namba zote kutoka 0 hadi 1, pamoja na 0 na 1 zenyewe, ni seti funge. Ziondoe ncha hizo, nayo si funge tena. Katika kitabu chake cha 1914, Hausdorff aliitenga dhana hiyo na vipimo vya umbali, akaijenga juu ya ujirani tu. Aliweka sharti kwamba nukta mbili tofauti ziwe na ujirani usioingiliana. Kwa sharti hilo, hata nukta moja pekee ni seti funge.

Majirani wa kibinadamu hawakumtendea haki. Mwaka 1901, alipopendekezwa kuwa profesa Leipzig, kura saba zilimpinga kwa sababu ya dini yake. Hata hivyo alipanda, akafundisha Bonn tangu 1921 hadi alipostaafishwa mwaka 1935, Wanazi wakiwa madarakani. Mwaka 1939 aliomba msaada wa kuhamia Marekani, asifanikiwe. Januari 1942 familia iliamriwa kuhamia kambi ya Endenich. Tarehe 26 mwezi huo, Hausdorff, mkewe Charlotte na shemejiye Edith walijitoa uhai.

Miswada yake, maelfu ya kurasa, ilinusurika vita. Toleo la kazi zake zote lilianza kuchapishwa mwaka 2001.