Maisha ya Wilhelm Conrad Röntgen, Aliyetuonyesha Mifupa ya Mtu Hai

Mtu akivunjika mguu huko Usinge, kwenye njia ya reli itokayo Tabora kwenda Kigoma, neno la kwanza atakalotaka tabibu ni picha ya mfupa. Zamani haikuwa hivyo. Daktari Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikufa mwaka 1873 huko Chitambo. Susi na Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake, wakapita Tabora mpaka pwani. Ulipofika London mwaka 1874, ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba zamani. Lakini huyo alikuwa maiti. Aliye hai alipapaswa kwa vidole tu, na mganga akakisia. Basi twasimulia habari za mtu aliyetupunguzia kukisia huko.

Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 katika mji wa Lennep, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa nguo, mama yake Mholanzi. Alipokuwa na miaka mitatu wakahamia Uholanzi. Huko Utrecht alifukuzwa shuleni: mwenzake mmoja alichora picha ya kumdhihaki mwalimu, naye Röntgen alipoulizwa jina la mchoraji, akakataa kumtaja. Akaenda Zurich, ambako hati ya shule haikudaiwa, akapata udaktari wa elimu mwaka 1869. Kisha akamfuata mwalimu wake Kundt mpaka Würzburg. Lakini kwa kuwa hakuwa na hati ile, chuo kikuu kikakataa kumpa ruhusa ya kufundisha. Hata mwaka 1888 chuo kile kile kikamwita awe profesa.

Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895 alikuwa peke yake katika chumba chenye giza, akipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyoondolewa hewa na kufunikwa kwa karatasi nene nyeusi. Kumbe, kibao kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kikaanza kung'aa! Nuru isiyoonekana ilikuwa imepenya karatasi. Alipoweka mkono katikati, akaona kivuli cha mifupa yake mwenyewe. Akajifungia kazini karibu majuma saba, akijaribu tena na tena, maana alichelea kudanganyika. Tarehe 22 Desemba akapiga picha ya mkono wa mkewe Bertha, mifupa na pete vikaonekana. Nuru hiyo akaiita X, kwa kuwa haikujulikana asili yake.

Angaliweza kutajirika, lakini alikataa kuweka haki ya peke yake juu ya uvumbuzi huo. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa, na fedha yake akakipa chuo cha Würzburg. Baada ya vita kuu ya kwanza fedha ya Ujerumani ilipoteza thamani, na akiba yake ikapotea. Bertha alifariki mwaka 1919. Yeye akafariki mjini Munich tarehe 10 Februari 1923.

Kazi yake haikufa. Picha ya kwanza ilikuwa kivuli juu ya kibao king'aacho. Zikafuata picha za kioo, kisha filamu zilizoangaliwa mbele ya taa. Siku hizi picha hutunzwa kwa tarakimu katika kompyuta, na katika vyumba vingi vya upasuaji huonyeshwa juu ya skrini mbele ya mpasuaji, asipate haja ya kuishika kwa mikono iliyokwisha kutakaswa. Hivyo tumerudi kwenye kibao king'aacho. Lakini kazi ya kuangalia haikuondoka. Yapasa jina la mgonjwa lithibitishwe, na alama ya kuume na kushoto isomwe, maana picha iliyogeuzwa yaweza kukipeleka kisu kwenye mguu mzima. Röntgen aliona kwa dakika moja, akahakikisha kwa majuma saba. Nasi tunaotazama picha zake tusione uzito kuhakikisha mara ya pili.