Padre Johnson na Meli za Ziwa Nyasa

Sisi tukaao chini ya Mlima Meru ziwa tulijualo zaidi ni Duluti, ambalo mtu mwenye afya hulizunguka kwa miguu na kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Ni vigumu kwetu kufikiri juu ya Ziwa Nyasa, lenye urefu wa kilomita 580 hivi. Lakini ndugu zetu wenye asili ya Mbamba Bay na Liuli wanalijua, na wanalijua pia jina la Padre William Percival Johnson. Tunaona inafaa sote tumfahamu.

Alizaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Alisoma Oxford, na njia ilikuwa wazi kwake kwenda kufanya kazi ya serikali huko Bara Hindi. Badala yake alijiunga na Misheni ya Vyuo Vikuu, akafika Unguja mwaka 1876 pamoja na rafiki yake wa chuoni, Chauncy Maples. Baada ya kukaa Masasi na kwa Mataka, mkuu wa Wayao, alishika njia ya kwenda Nyasa. Mwenzake wa safari, Padre Charles Janson, alifariki Februari 1882, mara tu walipofika ziwani. Johnson akabaki kuendelea na kazi.

Aliyoyaona huko yalikuwa ya kusikitisha. Majahazi yalivusha watumwa kutoka ng'ambo ya magharibi ili wapelekwe pwani. Wangoni nao walishambulia vijiji, hata watu wengine wakajenga vibanda vyao juu ya nguzo majini, au wakajificha penye miamba. Johnson alitambua kwamba mtu aendaye kwa miguu hawezi kuwafikia watu waliotawanyika hivyo. Milima imeshuka mpaka majini, na upepo wa Mwera ukivuma mashua ya tanga haina hakika ya kufika. Ilitakiwa meli ya moshi.

Mwaka 1884 alikwenda Uingereza kuomba fedha, akazipata. Meli ikatengenezwa vipande vipande, ikapelekwa kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Kwenye maporomoko wapagazi walibeba vipande hivyo nchi kavu hadi Matope, vikaungwa huko mwaka 1885. Meli ikaitwa Charles Janson, kwa ukumbusho wa yule padre aliyefariki. Lakini Johnson aliilipia kwa mwili wake. Katika safari za kuileta alishikwa na ugonjwa wa macho, akalazimika kurudi kwao kutibiwa. Jicho moja lilipotea kabisa, na la pili likabaki na nuru haba. Wengi wangesema kazi imekwisha. Yeye akarudi ziwani.

Tangu hapo meli ilikuwa nyumba yake kwa miaka mingi. Makao makuu ya misheni yalikuwa kisiwa cha Likoma, lakini Johnson alionekana huko kwa nadra. Meli ilisimama penye kijiji, yeye akashuka, akafundisha, akatazama shule, akaenda kwa miguu kijiji cha pili. Akiwa chomboni alitafsiri Maandiko kwa jicho lile lile bovu. Biblia nzima kwa Kinyanja cha upande wa Likoma ilitoka mwaka 1912, na sehemu nyingine alizitia katika lugha kama Kimpoto.

Hatari hazikukosa. Mwaka 1888 yeye na balozi mdogo wa Kiingereza walikamatwa na Makanjila, mkuu mwenye nguvu upande wa kusini, wakavuliwa nguo na kufungwa kabla ya kuachiliwa. Mwaka 1895 Maples, aliyekuwa amewekwa Askofu wa Likoma miezi michache tu nyuma, alisafiri kwa mashua ya tanga wakati wa tufani. Mashua ikapinduka usiku wa tarehe 2 Septemba. Mabaharia waliogelea wakaokoka, yeye akazama. Mwaka uliofuata Johnson alifanywa Arkidikoni wa Nyasa.

Kwa kumbukumbu ya askofu huyo ilijengwa meli kubwa zaidi huko Glasgow, ikaitwa Chauncy Maples. Nayo ilisafirishwa kwa vipande. Boila lake zito lilikokotwa nchi kavu na mamia ya watu, na meli ikashushwa majini mwaka 1901. Ilikusudiwa iwe shule ya waalimu, hospitali na kanisa. Vita ya 1914 ilipozuka, hata meli hiyo ilichukuliwa kubeba askari. Tarehe 13 Agosti mwaka ule meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale pale Liuli.

Na ni Liuli ambako Johnson alifariki, Oktoba 1928, akiwa na miaka 74. Alikuwa ametumika Afrika miaka 52. Kaburi lake liko huko.

Sisi tuliofanya kazi katika chuo cha waalimu tunalo jambo moja la kuongeza. Meli ilipita kijijini na kuondoka. Aliyebaki ni mwalimu. Augustine Ambali alisoma Kiungani, akaenda Nyasa kufundisha, na mwisho akawa padre. Leonard Kamungu, mtoto wa Chia ya ziwani, alipata upadre mwaka 1909, akaenda mbali kuhubiri, akafariki ugenini mwaka 1913. Bila watu wa namna hiyo, moshi wa meli ungekuwa moshi tu. Johnson alilijua hilo. Ndiyo maana hakuchoka kushuka na kuwatembelea.

Leo parokia zetu huchanga fedha za gari, nasi hatukatai, maana gari ni msaada mkubwa. Ila tujiulize, tukishalinunua: katika mtaa ule wa mbali mlimani, ambako gari litafika mara moja kwa mwezi, ni nani atakayekaa na watu siku zilizobaki?